Tarehe ya ukomo ya kiolezo cha hati

Tarehe ya ukomo ya kiolezo cha hati ni siku inayowekwa katika kiolezo, yaani hati tupu inayotumika kutengenezea hati nyingine, ili kuonyesha kwamba baada ya siku hiyo kiolezo kisitumike tena mpaka kikaguliwe au kibadilishwe. Mifano ya violezo ni kichwa cha barua, ankara, fomu ya kujiunga na shule, mkataba wa kupangisha nyumba na barua ya utambulisho.

Desturi hii ilianza katika fomu za karatasi. Imepata umuhimu mpya tangu ofisi, shule na wafanyabiashara walipoanza kuhifadhi violezo vyao katika wingu, yaani katika kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa njia ya intaneti. Kiolezo kilichomo katika wingu hunakiliwa na watu wengi kwa muda mfupi, na aliyekitengeneza hawezi kuzifuata nakala zote. Kwa sababu hiyo tarehe ya ukomo huwekwa kabla ya kupakia faili, si baada yake.

## Maana na mipaka yake

Tarehe ya ukomo ya kiolezo isichanganywe na tarehe nyingine tatu zinazofanana nayo:

- Tarehe ya mwisho ya hati yenyewe. Mkataba uliojazwa leo unaweza kudumu miaka 3 hata kama kiolezo chake kinaisha mwezi ujao. Kuisha kwa kiolezo hakubatilishi hati zilizokwisha kutengenezwa kwacho.
- Muda wa kutunza kumbukumbu. Huu ni muda ambao hati iliyojazwa lazima ihifadhiwe kwa mujibu wa sheria au kanuni.
- Tarehe ya mwisho ya kiungo. Huduma kadhaa za wingu, zikiwemo Google Drive, OneDrive na Dropbox, huruhusu baadhi ya akaunti kuweka siku ambayo ruhusa au kiungo cha kufungulia faili kitakoma. Kiungo kikifungwa, faili hubaki kwa mwenyewe, na nakala zilizokwisha kupakuliwa hubaki kwa waliozipakua.

Tarehe ya ukomo inaweza kuwa ya onyo au ya kuzuia. Ya onyo huandikwa tu mahali panapoonekana, na mtumiaji huachiwa uamuzi. Ya kuzuia husimamiwa na programu, ambayo hukiondoa kiolezo katika orodha au hukataa kukifungua siku ikifika.

## Historia

Kabla ya kompyuta, fomu zilichapishwa kwa maelfu na kuwekwa stoo. Kila badiliko la nchi au la sheria liliacha marundo ya karatasi zilizopitwa na wakati. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar uliofanyika tarehe 26 Aprili 1964 ulidai vichwa vipya vya barua. Mwezi Oktoba mwaka huohuo jina la Tanzania lilipoanza kutumika, vichwa hivyo navyo vikahitaji kubadilishwa. Mwaka 1966 shilingi ya Tanzania ilichukua nafasi ya shilingi ya Afrika Mashariki, na fomu za fedha zikafuata. Fomu nyingi za karne ya 20 zilichapishwa nafasi ya mwaka ikiwa imeanzwa kwa tarakimu "19", hivyo tangu tarehe 1 Januari 2000 zililazimu kukatwa kwa kalamu.

Nchini Marekani jambo hili liliwekwa katika sheria. Sheria ya Kupunguza Makaratasi ya mwaka 1980 iliagiza kwamba fomu za serikali kuu zinazokusanya taarifa kwa wananchi ziidhinishwe kwanza na ofisi ya bajeti ya rais. Kibali hutolewa kwa muda usiozidi miaka 3, na tarehe ya kuisha kwake huonyeshwa kwenye fomu pamoja na namba ya kibali. Lengo ni kuilazimisha kila idara ijiulize mara kwa mara kama fomu yake bado inahitajika.

Uhifadhi wa wingu ulipoenea, mifumo yenyewe ilianza kushughulikia tarehe za ukomo. Huduma ya kuhifadhi ya Amazon S3 ilianzishwa mwaka 2006, na mwaka 2011 ikaongezewa uwezo wa kufuta mafaili yenyewe baada ya muda uliopangwa. Google Drive ilifunguliwa mwaka 2012, na kwa huduma kama hiyo watumiaji wa kawaida, wakiwemo walimu na wenye maduka, waliweza kushirikiana kiolezo kimoja bila kuwa na seva yao.

## Sababu za kuweka tarehe kabla ya kupakia

Sababu ya kwanza ni kusambaa kwa nakala. Kiolezo kikiisha kupakiwa, hupakuliwa, hutumwa kwa simu, hubadilishwa jina na kuhifadhiwa tena kwingine. Tarehe iliyoandikwa ndani ya kurasa husafiri na kila nakala. Tarehe iliyowekwa katika mfumo wa wingu peke yake hubaki katika mfumo huo.

Sababu ya pili ni tarehe za faili zenyewe. Faili linapopakiwa na kupakuliwa, tarehe inayoonyeshwa na kompyuta mara nyingi huwa ni ya siku ya kupakua. Kiolezo cha mwaka 2015 kilichopakuliwa asubuhi ya leo huweza kuonekana ni kipya.

Sababu ya tatu ni kukatika kwa mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom ilipunguza sana huduma ya intaneti nchini Tanzania na katika nchi jirani. Katika hali kama hiyo ofisi hutumia nakala zilizomo katika kompyuta zao, na hapo mfumo wa wingu hauwezi kuzuia kitu. Maandishi yaliyomo katika ukurasa ndiyo kinga iliyobaki.

Sababu ya nne ni kwamba kazi ya kukagua hufanyika vizuri zaidi wakati mtengenezaji bado anakumbuka ni vipengele gani vitabadilika. Miaka miwili baadaye huenda amehamishwa au amestaafu.

## Mabadiliko yanayomaliza violezo nchini Tanzania

### Kodi

Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza kutozwa Tanzania Bara tarehe 1 Julai 1998 kwa kiwango cha asilimia 20. Mwezi Julai 2009 ilishushwa kuwa asilimia 18. Kiolezo cha ankara chenye hesabu ya asilimia 20, kama kingeendelea kutumika, kingemtoza mteja shilingi 20,000 za ziada katika kila bidhaa ya shilingi milioni 1. Kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na mabadiliko mengi ya kodi huanza siku hiyo, tarehe 30 Juni ni ukomo unaofaa kwa violezo vya fedha.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Kenya. Kutokana na janga la UVIKO-19, kodi hiyo ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, kisha ikarudishwa kuwa asilimia 16 tarehe 1 Januari 2021. Biashara zilihitaji kubadilisha violezo vyake mara mbili katika miezi 9.

### Elimu

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yalitolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa mfumo wa wastani wa alama, yaani GPA, badala ya divisheni. Kwa matokeo ya mwaka 2015 divisheni zilirejeshwa. Shule zilizokuwa zimebadilisha violezo vya ripoti za wanafunzi zililazimika kuvirudisha. Vivyo hivyo, mitaala mipya ilianza kutumika kwa awamu kuanzia Januari 2024, na violezo vya azimio la kazi na andalio la somo vilivyofuata mitaala ya zamani vinaisha kadiri madarasa yanavyoingia katika mpango mpya.

Fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule ina uzito wa pekee, maana mzazi huitumia kupanga fedha. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika shule za umma hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 ada iliondolewa pia katika kidato cha tano na cha sita. Fomu ya zamani ikichukuliwa katika wingu na kutumwa kwa mzazi kwa makosa, humtaka alipe kisichodaiwa. Mzazi wa kijijini hana njia rahisi ya kujua kuwa karatasi yenye muhuri wa shule imepitwa na wakati. Anaweza kuuza mazao au mbuzi, au kumchelewesha mtoto nyumbani akitafuta fedha.

### Muundo wa serikali na anwani

Mwishoni mwa mwaka 2015 TAMISEMI ilihamishwa kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu kwenda Ofisi ya Rais, na jina la wizara inayosimamia elimu lilibadilishwa. Baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, wizara zilibadilisha anwani zake hatua kwa hatua. Mwaka 2022 operesheni ya anwani za makazi ilitoa majina ya mitaa na namba za nyumba katika sehemu nyingi za nchi. Kila tukio kati ya hayo lilimaliza vichwa vya barua vilivyokuwepo.

## Mfano wa Kihonda

Kihonda ni kata mojawapo ya Manispaa ya Morogoro, kando ya njia ya kwenda Dodoma. Eneo hilo lina makazi mengi, viwanda, shule na chuo cha ufundi stadi cha VETA. Kama ilivyo katika miji mingine ya Tanzania, wakazi wasio na kompyuta hutegemea maduka ya steshenari kuchapiwa barua, mikataba na maombi ya kazi.

Hati inayoombwa mara kwa mara ni barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Mwananchi huihitaji anapofungua akaunti ya benki, anapoomba kitambulisho au anapomdhamini ndugu. Mara nyingi barua hiyo hutaja jina la mwenyekiti au la mtendaji wa mtaa. Wenyeviti wa mitaa huchaguliwa kila baada ya miaka 5. Chaguzi za karibuni zilifanyika tarehe 24 Novemba 2019 na tarehe 27 Novemba 2024.

Chukulia kiolezo cha barua hiyo kilichotengenezwa mwaka 2021 na kuwekwa katika akaunti ya wingu inayotumiwa na steshenari tatu. Jina la mwenyekiti lilikuwa sahihi. Kama tarehe ya ukomo ingeandikwa kuwa siku ya uchaguzi wa 2024, kila mchapaji angeshtuka kuanzia kesho yake. Isipoandikwa, barua huendelea kutoka na jina la mtu asiyekuwa tena madarakani. Kosa hugunduliwa benki au mahakamani, si dukani, na mwenye kurudishwa ni mwananchi aliyekwisha kulipia uchapaji na nauli.

Jedwali lifuatalo linaonyesha tarehe zinazofaa kwa violezo vya kawaida.

| Kiolezo | Kinachobadilika | Ukomo unaofaa |
|---|---|---|
| Ankara | Kiwango cha kodi, bei | 30 Juni ya kila mwaka |
| Barua ya utambulisho ya mtaa | Jina la kiongozi | Siku ya uchaguzi wa mtaa |
| Fomu ya kujiunga na shule | Michango, mahitaji, akaunti ya benki | Mwisho wa udahili wa mwaka husika |
| Azimio la kazi | Mtaala, kalenda ya masomo | 31 Desemba |
| Mkataba wa kupangisha nyumba | Kodi ya pango, majina, masharti | Mwaka 1 tangu ukaguzi |
| Kichwa cha barua | Jina la ofisi, anwani, simu | Mwaka 1, au mara muundo unapobadilika |

## Hatua za kuweka

Utaratibu wa kawaida una hatua sita.

1. Kusafisha kiolezo. Violezo vingi huzaliwa kutokana na barua iliyokwisha kutumwa kwa mtu. Majina, namba za simu na namba za vitambulisho vilivyosalia hufutwa. Sifa za faili nazo hukaguliwa, kwa kuwa programu huhifadhi humo jina la mwandishi.
2. Kuchagua tarehe kwa kuangalia kipengele kitakachobadilika mapema kuliko vyote. Ankara yenye bei za mwaka 1 na anwani ya miaka 10 huisha kwa mwaka 1.
3. Kuandika tarehe mahali panapoonekana, kwa mfano katika kijachini cha ukurasa. Maneno yawe wazi: "Kiolezo hiki kisitumike kuandaa hati mpya baada ya tarehe 30 Juni 2026." Maneno mafupi kama "mwisho 30 Juni 2026" hupotosha, kwa kuwa hubaki katika barua iliyojazwa na msomaji hudhani ni barua yenyewe inayoisha.
4. Kuweka tarehe hiyo pia katika sifa za faili na katika jina lake, kwa mfano "ankara_ukomo_2026-06-30".
5. Kuhifadhi faili kwa umbo la kiolezo badala ya hati ya kawaida. Microsoft Word hutumia kiambishi .dotx, na LibreOffice hutumia .ott. Faili la namna hiyo likifunguliwa kwa kubofya, programu huanzisha hati mpya, hivyo asili haiharibiwi.
6. Kupakia, kisha kumtaja mtu au cheo kitakachokikagua kabla ya siku kufika. Kumbusho huwekwa katika kalenda wiki 2 au zaidi kabla.

Katika jedwali la hesabu onyo linaweza kutokea lenyewe. Fomula =IF(TODAY()>DATE(2026,6,30),"Kiolezo kimekwisha muda","") huandika onyo kuanzia tarehe 1 Julai 2026.

## Matatizo

### Mpangilio wa tarehe

Tarehe 03/04/2026 husomwa Tanzania kuwa 3 Aprili, lakini Marekani husomwa kuwa 4 Machi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2026-04-03. Mpangilio huo una faida nyingine: mafaili yenye majina hayo hujipanga yenyewe kwa kufuata kalenda. Katika maandishi ya kusomwa na watu, ni salama zaidi kuandika jina la mwezi.

### Saa

Mifumo mingi ya wingu huhesabu saa kwa wakati wa dunia wa UTC. Afrika Mashariki iko mbele kwa saa 3. Kiolezo kilichopangwa kuisha saa 00:00 UTC huisha Morogoro saa 9 usiku. Tena, mfumo ukihesabu mwanzo wa tarehe 30 Juni badala ya mwisho wake, siku nzima ya mwisho ya kazi hupotea. Kwa Waswahili kuna tatizo la ziada: "saa 6 usiku" ni 00:00 na si 06:00. Katika mipangilio ya kompyuta hutumika saa 24 ili kuepuka mkanganyiko.

### Tarehe inayojibadilisha

Programu za kuandika zina uga wa tarehe unaojisasisha kila hati inapofunguliwa. Uga huo ukitumika kwa tarehe ya kutengeneza kiolezo, kiolezo hakizeeki kamwe. Tarehe ya ukomo huandikwa kwa mkono. Pia fomula za onyo hutegemea saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ubao mkuu ikifa, kompyuta huweza kurudi miaka mingi nyuma na onyo lisitokee.

### Kufuta kusikostahili

Kuisha muda si sawa na kufutwa. Kiolezo cha zamani huhitajika kuthibitisha kwamba barua fulani ilitolewa kwa umbo lililokuwa halali wakati ule. Kwa hiyo kiolezo kilichoisha huhamishiwa katika folda ya kumbukumbu isiyoruhusu kuhaririwa. Kanuni ya kufuta yenyewe, ikiwekwa juu ya folda nzima, huweza kufuta pamoja na violezo hati zilizojazwa.

## Sheria zinazohusika

Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002 husimamia kumbukumbu za taasisi za umma nchini Tanzania. Chini ya sheria hiyo kumbukumbu za umma haziteketezwi bila idhini, na taasisi hutakiwa kuwa na majedwali yanayoonyesha muda wa kutunza kila aina ya kumbukumbu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 humtaka mlipakodi kutunza nyaraka zake kwa miaka 5. Ankara zilizojazwa hubaki chini ya masharti haya hata kiolezo chake kikiisha.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huzuia kutunza taarifa za mtu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa lengo lililokusudiwa, na huweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Kiolezo kitupu hakina taarifa za mtu. Lakini kiolezo kisichosafishwa huzibeba, na seva za wingu kwa kawaida huwa nje ya nchi. Sheria za ulinzi wa taarifa za Kenya na Uganda ni za mwaka 2019.

## Tazama pia

- Kihonda
- Manispaa ya Morogoro
- Kodi ya Ongezeko la Thamani
- ISO 8601
- UTC